Popote Isipokuwa Mdomoni

Mwalimu alitupiga popote isipokuwa mdomoni. Alitupiga mgongoni, makalioni na kwenye nyayo, na ukikaa karibu yake alikugonga utosini kwa vifundo vya vidole. Fimbo yake ilikuwa kipande cha mpira wa breki alichotoka nacho gereji, cheusi, kinachonuka mafuta. Lakini midomo yetu hakuigusa.

"Mgongo ni wako, alikupa mama yako," alisema. "Mdomo ni wa usharika."

Kabla hajakufundisha sauti ya do iko wapi, alikufundisha kujiziba. Alitupanga mstari nyuma ya kanisa, akaokota mapera mabichi, akapiga kelele, "Mdomo!" Hapo unatakiwa kuleta mikono yote miwili mbele ya midomo, haraka, maana pera lilikuwa limeshatoka mkononi mwake. Likikupata kichwani hakujali. Likikupata mdomoni alikuja kukutazama meno kama anayenunua ng'ombe, na akikuta hakuna kilichovunjika alikuchapa kwa kuchelewa. Baada ya muda mikono yetu ilijua yenyewe. Hata nyumbani, mama akiinua mwiko, mimi nilijiziba mdomo na kumwachia kichwa.

Alikuwa mwalimu wa matarumbeta ya vijana katika usharika wetu, huku juu mlimani, ambako kahawa na migomba vinafika karibu na msitu wa Meru. Vyombo vilikuwa mali ya usharika. Vilikaa stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa kwenye kamba shingoni mwake, ndani ya shati. Nilimjua kwa miaka mingi na sikuwahi kumwona akiogopa kitu, isipokuwa hicho kimoja, kwamba siku moja wazee wa kanisa watamnyang'anya ufunguo ule. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Wazazi walimshtaki kila mara.

Mimi niliishia darasa la saba. Wenzangu walikwenda sekondari, na Jumamosi walikuja mazoezini na sare zao na nembo kifuani. Siku ya kwanza Mwalimu aliniuliza jina mbele yao. Nilijua jina langu, lakini halikutoka. Akauliza tena. Halikutoka. Akanichapa kofi la shingo.

"Haya, wewe ni Kimya," alisema. "Kimya, shika hii."

Akanipa tarumbeta lililobonyea. Nikapuliza. Ilitoka sauti mbaya sana, lakini kubwa, ikaenda mpaka nyumba ya mchungaji na mbwa wake akaanza kubweka. Watu wote waligeuka kunitazama na, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikuona haya. Hiyo ndiyo sababu sikuacha, hata niliporudi nyumbani nikiwa nimevimba mapaja. Wengi watashangaa nikisema kwamba siku zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata. Zilikuwa nzuri. Tukipatana sauti zote nne, besi ikiingia chini na sisi wa sauti ya pili tukiibeba ya kwanza, mwili ulisisimka mpaka mtu akasahau panapomuuma.

Kazi yake ya mchana ilikuwa kunyoosha bodi za magari, kule Daraja Mbili. Alishinda akigonga mabati, jioni akapanda mlimani kuja kutugonga sisi. Masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo alizungumza kwa kupiga kelele hata akikuambia siri. Lakini tarumbeta likibonyea alilishika kwa namna nyingine kabisa. Alikaa nalo mapajani, akaligonga polepole kwa nyundo ndogo ya mti, akapangusa, akaligonga tena, huku akiliambia kwa Kimeru maneno ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Aliyeliangusha alikuwa amelala pembeni, miguu juu ya benchi, akisubiri zamu yake ya mpira wa breki.

Yeye mwenyewe hakuweza kupuliza. Meno yake ya mbele ya juu hayakuwepo. Sauti zote alituonyesha kwa kuimba, hewa ikipita kwenye pengo na mate yakiturukia. Tulimuuliza meno yalikwenda wapi. Siku moja alisema alipigwa teke na dume la ng'ombe. Siku nyingine alisema ni askari. Siku nyingine, akiwa na hasira, alisema ni kaka yake, kwa chepeo, siku ile ile aliyokuwa apande jukwaani kupiga peke yake kwa mara ya kwanza. Tulimpelekea mkewe swali hilo.

"Sijui nani alimpiga," alisema Mama Neema. "Ila najua alianza yeye."

Mama Neema alikuwa mfupi, anamfikia mumewe kwenye mbavu, na mbele yake Mwalimu alinywea. Kila Jumamosi alileta ndoo ya loshoro, mahindi na ndizi vilivyochanganywa na maziwa mgando, kwa sababu Mwalimu alikataza mtu kupuliza akiwa na njaa. Tukimwona mama anaingia getini, mpira wa breki ulipotelea nyuma ya mgongo wa Mwalimu.

"Baba Neema, umeshawaua wote, au wamebaki wa kula?"

"Wamebaki wachache," alijibu, akiangalia chini.

Alikuwa na maneno yake. "Ukikosea, kosea kwa nguvu, nikusikie, nikuchape kwa haki." Na lingine alilolirudia kila tulipoitwa msibani: "Harusi wanaweza kurudia. Mazishi hakuna anayerudia." Kwetu, jeneza linatoka mlangoni likiongozwa na matarumbeta mpaka kaburini, ndani ya shamba la marehemu. Wimbo ukianza mlangoni haukatwi. Wabebaji wanatembea juu ya wimbo, na wimbo ukikatika wanasimama, na jeneza likiwekwa chini njiani ni fedheha ya nyumba ile kwa miaka. Mwalimu alitufundisha kupokezana pumzi ili pasiwe na upenyo. Wawili wakivuta hewa, wanne wanapuliza.

Harusini alituachia kidogo. Tulipanda nyuma ya pikapu, tukazunguka mjini tukipuliza mpaka masikio yanaziba. Jumamosi moja tulikuwa tunapita Kaloleni, gari la bibi harusi mbele, mpiga video amekaa juu ya pikipiki anatupiga picha. Pikapu ya kundi jingine la matarumbeta, la mtaani, lenye harusi yake, ikaja ubavuni.

"Oya, wachunga mbuzi!" mmoja wao aliita. "Hayo matarumbeta au mabomba ya choo?"

Elibariki, mpiga besi wetu, hakuwa mtu wa kunyamaza. "Shuka uje unywe uone!"

Wakacheka, sisi tukacheka. Kisha yule kijana akarusha chupa ya soda. Elibariki alikuwa amekumbatia besi, mikono haikuwahi. Chupa ilimpata kwenye mdomo wa juu, ukapasuka, damu ikaingia ndani ya besi.

Mwalimu alikuwa amekaa mbele na dereva. Hakusubiri gari lisimame. Nilimwona katikati ya barabara na suti yake ya kahawia, kisha nikamwona juu ya pikapu ya wale wengine. Alimshika mrushaji kwa tai, akaizungusha mkononi mara mbili, akamvuta na kumgonga pua kwa paji la uso. Nilisikia pua ikivunjika, nami nilikuwa gari jingine. Alimpiga tumboni, alimpiga mbavuni, akampiga na aliyekuja kuamua. Bibi harusi alikuwa analia ndani ya gari lake, na baadaye tulijua hakulia kwa hofu. Alilia kwa sababu mpiga video alimwacha akageukia ugomvi. Tulipomvuta Mwalimu chini, kijana yule alikuwa mwekundu kuanzia pua hadi mkanda. Midomo yake ilikuwa mizima. Hata yeye, Mwalimu hakumpiga mdomoni.

Wazee wa kanisa walimwita. Sisi tulikaa kwenye ngazi nje ya ofisi, dirisha liko wazi.

"Mwalimu, tumechoka kukuombea radhi," alisema mwenyekiti wao. "Leo ni mwisho. Ukiinua mkono tena, juu ya mtu yeyote, unaleta ufunguo wa stoo. Matarumbeta atapewa mwingine."

"Hata nikipigwa?"

"Hata ukipigwa."

Elibariki, mdomo wa juu umeshonwa, alinikandamiza mkono.

"Nimesikia, wazee wangu," alisema Mwalimu, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo.

Tangu siku hiyo mpira wa breki haukuonekana. Alifundisha akiwa ameshika mikono yake nyuma, mmoja umekamata mwingine. Tulipokosea, aliukamata kwa nguvu zaidi. Elibariki alitaka kujua kama ni kweli. Aliharibu sehemu ile ile mara tatu, makusudi, huku akimtazama. Mwalimu alitoka nje. Tukasikia kishindo ukutani, na kingine, na kingine, na vumbi la chokaa likatuangukia. Aliporudi, vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka hadi kwenye nyama.

"Tena," alisema. "Kuanzia juu."

Hakuna aliyeharibu tena makusudi.

Kisha akafa mzee mmoja wa upande wa juu wa usharika wetu, mwenye nyumba mbili, wake wawili. Watoto wa nyumba kubwa walichimba kaburi kwenye sehemu ya shamba ambayo nyumba ndogo walisema ni yao. Tulisikia maneno hayo tangu asubuhi, lakini msibani watu husema mengi, na mchungaji alisema yamekwisha. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni tope. Tulianza wimbo mlangoni, jeneza likainuka, tukashuka katikati ya migomba, Mwalimu mbele yetu, mikono nyuma.

Njia inapogawanyika, watoto wa nyumba ndogo walikuwa wamesimama na fimbo. Mmoja alikuwa na panga.

"Baba hapiti hapa!"

"Baba ni wa kwako peke yako?" walijibu waliobeba jeneza.

"Nimesema hapiti! Mkazikeni sebuleni kwenu!"

Mwalimu hakugeuka. "Msikate wimbo," alituambia.

Hatukukata. Tuliendelea kutembea, na sasa najua kwamba walituona sisi ndio tunaolisukuma jeneza, kwa sababu bila sisi lingesimama. Kwa hiyo walianza na sisi. Fimbo ya kwanza ilipiga besi ya Elibariki ikalia kama kengele. Ya pili ilimpiga yeye gotini. Nikaona mwanamume anakuja kwangu, mnene, machozi yanamtoka, amemlilia baba yake usiku kucha, ameinua fimbo kwa mikono miwili. Mikono yangu ikafanya ilichofundishwa. Tarumbeta likaanguka topeni na mimi nikajiziba mdomo.

Ilinipata kwenye bega la kushoto. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Nikapiga magoti, bado nimejiziba. Ikaja tena, shingoni. Ikaja tena begani, pale pale. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa karibu, angenyoosha mkono angemshika mtu yule kola. Alikuwa ananitazama. Mikono yake ilikuwa nyuma na haikutoka huko. Mwenye panga alimpiga mgongoni kwa bapa, mara kadhaa, na hakutikisika, wala hakuondoa macho kwangu. Mtu yule akanipiga tena.

Wenzangu wote walikuwa wameanguka, mmoja huku, mmoja kule, kila mmoja amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuna aliyekinga kichwa, hakuna aliyerudisha hata ngumi. Watu wa kijiji walisema baadaye kwamba tulipigwa tukiwa kama wanawali wanaoona haya kucheka. Wimbo ulikatika. Jeneza likawekwa topeni.

Mjane wa nyumba ndogo ndiye aliyemaliza ugomvi. Alipita katikati ya fimbo, akakaa juu ya jeneza la mumewe, akapanga kanga yake vizuri magotini, akasema, "Haya, nipigeni na mimi, mtuzike pamoja." Wanawe wakatupa fimbo. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kulia kwa sauti.

Jumapili nilikuwepo kanisani, mkono umefungwa kifuani. Mchungaji alihubiri juu ya Mwalimu. Alisema tumeona kwa macho yetu mtu aliyeishinda mikono yake. Alisema Mwalimu alipigwa kwa panga na hakujibu, na kwamba kama nyumba zile mbili zingekuwa na moyo kama wake, tusingekuwa na majeruhi leo. Mwenyekiti wa wazee alisimama akapiga makofi, kanisa zima likapiga makofi. Mwalimu aliinuka, akapita katikati ya benchi, akatoka nje makofi yakiendelea. Watu walisema ana unyenyekevu.

Jumatatu mhudumu wa kanisa aliukuta ufunguo wa stoo mezani ofisini, na kamba yake.

Hakuna aliyeelewa. Wazee walikwenda nyumbani kwake kumsihi. Walimwambia matarumbeta ni yake mpaka atakapozeeka, hakuna tena wa kumgusa. Kile alichokiogopa miaka yote kilikuwa kimekwisha, na sasa ndipo alipokiachia. Hakutoka chumbani. Mama Neema aliwapa chai, wakanywa, wakaondoka.

Usharika ulileta kijana aliyesoma muziki chuoni. Ni mpole, anatuita ndugu zangu, na ukikosea anatabasamu. Tunampenda, na tunapuliza vibaya. Elibariki aliacha, anaendesha bodaboda. Mimi niliendelea, ingawa bega liliunga vibaya na siwezi kuinua tarumbeta kwa wimbo mrefu. Nashusha, napumzika, nainua.

Mwaka huu Mama Neema alinisimamisha baada ya ibada.

"Nenda Daraja Mbili ukakae na mwalimu wako," alisema. "Haongei. Anakula, analala, anagonga mabati, haongei. Wewe hujui kuongea, yeye hataki. Mtaelewana."

Nilimkuta gereji, amechuchumaa mbele ya mlango wa gari uliobonyea, nyundo mkononi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Shika hapa, mlango unacheza."

Nikashika. Akagonga. Kila pigo liliingia mikononi mwangu likapanda mpaka begani, na bega likauma, lakini sikuachia. Tulikaa hivyo mpaka upande mmoja ukanyooka. Ndipo aliposimamisha nyundo. Hakunitazama.

"Siku ile. Ulitaka niwapige?"

Nilijua jibu la kanisani. Nilikuwa nimelisikia likihubiriwa. Ningeweza pia kunyamaza, hakuna ambaye angenishangaa.

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema. "Nilitaka umpige. Nilitaka umuue."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikitafuta kwa siku nyingi.

"Wewe ni wa kwanza," alisema. "Wote wananiambia nilifanya vizuri. Mchungaji. Wazee. Hata mke wangu. Wanafikiri nilikuwa namwaza Yesu." Akatema mate pembeni. "Kimya, sikumwaza Yesu. Nilisikia mfupa wako ukivunjika, nikawaza, nikiinua mkono watanichukulia matarumbeta. Hilo tu. Nilikuangalia ukipigwa na nikawaza matarumbeta."

Fundi mwingine aliwasha gari jirani yetu, likanguruma, likazimika. Kumwambia haidhuru kungekuwa uongo, na alikuwa amechoka kuambiwa uongo.

"Yule mwalimu mpya ameshindwa na sisi," nilisema mwishoni. "Rudi."

"Sirudi." Alisema bila hasira. "Yule hajui muziki?"

"Anajua."

"Basi, pulizeni."

Akaweka nyundo chini, akafuta viganja kwenye ovaroli. "Lete hilo bega nilione."

Nikafungua vifungo viwili vya shati. Akasimama karibu, ananuka mafuta na chuma, nami nikajikaza bila kutaka, maana mwili wangu uliujua mkono ule ukikaribia. Uliponigusa ulikuwa mzito na wa moto. Akapitisha kidole juu ya mfupa, taratibu, mpaka pale ulipojikunja.

"Umeunga vibaya," alisema.

"Ndiyo."

"Unauma?"

"Wakati wa baridi. Na leo."

Hakusema pole. Aliuacha mkono pale pale, umetulia, na vijana wa gereji walitupita wakibeba injini na kutuambia tusogee, na hatukusogea.